Miaka Thelathini ya Mapumziko

Jumatatu, 4 Agosti

Salaam, daftari langu. Umeamkaje huko chini ya vitambaa? Mimi namshukuru Mungu, ila goti la kulia bado linalalamika nikikanyaga cherehani. Leo mashati kumi na moja ya shule, zimebaki kola tu. Mvua hapa Bugembe mpaka saa nne. Jirani yangu wa chapati bado ananiita Afande kwa sababu ya Kiswahili changu, hapa wanakijua kuwa lugha ya jeshi. Nimemwambia askari alikuwa baba, mimi fundi tu. Akanipigia saluti na mwiko. Nimecheka.

Baba Zubeda karudi alasiri na kofia mpya na faili la bluu. Alialikwa chakula cha bure katika hoteli moja kando ya mto. Ni klabu ya mapumziko. Unanunua pointi, kila mwaka unapewa zako, unazitumia kulala katika hoteli za klabu. Jinja, Mbale, Mombasa, Zanzibar. Miaka thelathini. Ameshatia sahihi. Inatakiwa na ya kwangu. Mwisho Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 16. Malipo yatatoka kwenye shamba la Budondo, tutaliuza. Hati ya shamba ina majina yetu wawili.

Alisema hayo akivua viatu, kama mtu anayesema chumvi imekwisha.

Nimeunguza wali.

Jumanne, 5 Agosti

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu yeye anakisema lakini hapendi kukisoma, na watoto wamekwenda na Kiingereza chao. Kwa hiyo hapa naweza kusema. Naogopa.

Budondo si shamba kubwa. Mahindi, mihogo, migomba kidogo. Lakini ndiko tulikosema tutajenga vyumba viwili tukizeeka, tuondoke kwenye nyumba ya kupanga. Nimepalilia pale miaka tisa.

Na yeye namjua. Miaka thelathini na moja ameendesha magari ya watalii. Hoteli zote nzuri za nchi hii amefika. Anashusha mabegi mlangoni, halafu anazunguka nyuma ya jiko, kwenye chumba cha madereva. Vitanda vya ghorofa, harufu ya mafuta ya jana. Hajawahi kulalamika. Leo asubuhi akinyoa ndevu akaniambia, "Mama Zubeda, safari hii tutaingia kwa mlango wa mbele."

Ningefurahi angekuwa anataka kitu kibaya. Ningekataa kwa raha.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekwenda naye hotelini. Walisema saa moja tu. Tumekaa saa tano.

Televisheni kubwa, bahari, watoto weupe kwenye maji. Biskuti. Kila mtu akitia sahihi wote wanapiga makofi. Binti wa klabu ni mzuri, mpole, ananiita Mama kila neno. Nikisema nitafikiri, anasema, "Mama, tufikiri pamoja." Nikinyanyuka, anamwita mkubwa wake. Mkubwa wake ananiuliza kama siwapendi watoto wangu.

Niliomba mahali pa kuswali Adhuhuri. Wakanipa chumba cha kuwekea mataulo. Binti akasimama nje ya mlango mpaka nikatoa salamu. Niliona viatu vyake chini ya mlango. Sikumbuki nilisoma sura gani.

Niliyoelewa: chumba cha siku ya kawaida kinakula pointi kidogo. Chumba cha Idi na cha likizo kinakula mara mbili. Unaomba chumba siku tisini kabla. Usipozitumia pointi, zinangoja mwaka mmoja, kisha zinakufa. Kila mwaka kuna ada ya kutunza majengo, na ada inapanda. Tukifa sisi, mkataba unawaendea watoto.

Hilo la mwisho alilisema kama zawadi.

Sikutia sahihi. Basi wakatupa usiku mbili za bure za kujaribu, hoteli yao ya Mbale, Jumamosi na Jumapili hii. Baba Zubeda akapokea kabla sijafungua mdomo. Jumapili ni nikaha ya binti wa dada yake huko huko Mbale. Akasema Mungu kapanga.

Alhamisi, 7 Agosti

Nilikuwa nakata vitambaa huku nahesabu safari zetu tangu Idi ya mwaka jana. Mbale kwa mazishi ya ami yake. Mbale tena, mtoto wa wifi kulazwa. Masese kwa msiba wa jirani wetu wa zamani. Kampala, Zubeda kujifungua. Mbale Idi. Mbale kuhani. Ukitoa Idi, hakuna hata moja tuliyoijua tarehe yake siku tisini kabla. Nyingi tulizijua asubuhi, mchana tuko njiani.

Na likizo za shule, wakati wenzetu wanasafiri, mimi ndio nashona sare mchana kutwa.

Sisi hatusafiri kwenda mahali. Tunasafiri kwenda kwa mtu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimepiga pasi busuti, gauni langu la sherehe. Yeye amenunua sanduku la magurudumu. Kwa siku mbili.

Nimemuuliza, wifi Safia, mama wa bibi harusi, anajua hatulali kwake? Kasema atampigia akifika.

Jumamosi, 9 Agosti. Mbale

Kitanda kipana kama uwanja. Taulo wamelikunja kama bata. Dirishani unauona mlima wote, leo hauna wingu. Baba Zubeda amewasha na kuzima kila taa. Mlangoni kijana wa hoteli alitaka kumbebea sanduku, akakataa, halafu akampa, halafu akatembea nyuma yake mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Nilitaka kulia. Nampenda sana mtu huyu.

Hatukwenda kumsalimia Safia kwanza. Amempigia kutoka hapa. Nikamsikia, "Hapana dada, hatutaki kukusumbua, una wageni wengi." Upande wa pili maneno machache. Akakata.

Nikamuuliza kasema nini.

"Kasema sawa."

Safia hajawahi kusema sawa tu.

Jumapili, 10 Agosti. Mbale

Moyo umenivimba.

Miaka ishirini na saba naingia kwa Safia kwa mlango wa nyuma. Naweka begi, nafunga leso, napewa kisu, nakaa na wenzangu kwenye matoke. Yeye ndiye aliyenifundisha kupika malewa, yale machipukizi ya mianzi ya kwao, nilipoolewa, nikiwa Mnubi asiyejua kitu, mama mkwe ananitazama kwa jicho la pembeni. Tukigombana tunagombana jikoni.

Leo alinipokea getini. Kwa mikono miwili, amepiga magoti. "Karibuni wageni wetu wa hoteli. Mmelalaje?"

Nikasema, "Wifi, acha hayo." Nikapita kwenda nyuma. Nimeshika kisu, ndizi ya kwanza haijaisha, akakichukua mkononi mwangu. Pole pole, kama unavyomnyang'anya mtoto.

"Mgeni hamenyi matoke, Mama Zubeda. Utomvu utakushika mikono. Shuka zao nyeupe zile, watasema tumewaletea mkulima."

Wanawake wakacheka. Mmoja akasema, "Mwacheni bwana, huyu siku hizi anaoga maji ya moto ya ukutani." Na mimi nikacheka. Ningefanya nini?

Nikaweka mkoba chumba kile tunacholala siku zote. Kitanda kimetandikwa. Chandarua kipya. Kandambili mbili chini, za kiume na za kike, bado zina karatasi ya dukani.

Nilikaa mbele kwenye viti vya plastiki. Soda na mrija. Mama mmoja wa Kampala, simjui, akaniuliza, "Nyinyi ni upande gani?" Nikasema wa bibi harusi. Akasema, "Aa, marafiki?"

Nikaha imekwenda vizuri, alhamdulillahi. Binti kapendeza. Sufuria sikuosha hata moja.

Baba Zubeda walimweka meza ya wakubwa, na mkuu wa shule na daktari. Hakuna aliyemtuma kupanga magari. Kila shughuli yeye ndiye hupanga magari. Niliona anayatazama yanavyozibana njia, miguu inamcheza chini ya meza.

Jumatatu, 11 Agosti

Tumerudi. Bugembe ilipoonekana Baba Zubeda akasema kitanda kilikuwa kizuri. Nikasema ndiyo, kizuri.

Nimempigia Safia mara mbili. Hapokei.

Jumatano, 13 Agosti

Binti wa klabu amepiga simu mara nne leo. Mara ya nne nilikuwa na sindano mdomoni, nikapokea.

Nikamuuliza swali moja. Mtu akifa Mbale Jumanne, Jumatano chumba kipo?

Akacheka kidogo. "Mama, hii ni ya kupumzika."

Nikasema, sisi tunapumzika tukishazika.

Akasema ataniombea ruhusa ya zawadi nyingine. Sauti yake ilikuwa imechoka. Labda na yeye ana mkubwa wake nyuma ya mlango. Nimemwombea dua. Lakini Jumamosi iko pale pale.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimeswali istikhara siku tatu, kumwomba Mungu anionyeshe njia. Sijaota kitu. Moyo haujafunguka wala kufungika. Niko kati ya mume wangu na shamba, kati ya mume wangu na dada yake. Kila upande nikigeuka nina mtu wangu.

Shetani amenipa njia. Niseme nimemuuliza sheikh, kasema ni haramu. Baba Zubeda angeacha hapo hapo. Ni mcha Mungu, asingeuliza mara mbili. Lakini sheikh sijamuuliza. Tungekuwa tunalipa kidogo kidogo na nyongeza juu, ningesema riba. Yeye anataka kulipa yote kwa mkupuo. Hapo riba haipo. Nimelishika hilo neno la sheikh tangu asubuhi, nalizungusha kinywani. Ni tamu. Ni uongo.

Astaghfirullah. Nimeshona mifuko ya kaptura upande wa nje. Nimefumua yote.

Ijumaa, 15 Agosti

Baada ya swala ya Ijumaa, chakula kimeondolewa, yeye akaweka faili la bluu mezani na kalamu juu yake.

Nikamwambia, "Baba Zubeda, sitii sahihi."

"Sheikh amesema kitu?"

Mlango ule, kaufungua mwenyewe. Ningeingia tu.

Nikasema, "Hapana. Sheikh sijamuuliza. Ni mimi."

Nikamwambia kuhusu viti vya plastiki. Nikamwambia kuhusu kandambili. Nikasema sitaki watoto warithi deni la kupumzika. Nikasema Budondo nimeipalilia.

Kisha, bila hasira, na hilo ndilo baya, akasema, "Kwa hiyo mimi nife nikinusa jiko la watu."

Nilimshika goti, akaniacha nimshike, lakini hakuweka mkono wake juu ya wangu.

Akachukua faili, akaliweka juu ya kabati. Akatoka kwenda kutazama mpira kwa jirani.

Jumapili, 17 Agosti

Jana imepita. Simu ya klabu ililia, yeye ndiye alipokea. Alisema maneno mawili nisiyoyasikia. Halafu akala chakula chake.

Leo asubuhi kaenda Budondo peke yake, na jembe. Sijui kama ni kulima au ni kunikimbia. Sijauliza. Nimemfungia mihogo na chai kwenye chupa, kavichukua.

Nyumba iko kimya. Nimemshinda mume wangu na sioni raha yoyote. Mungu aniongoze kama nimekosea, na ampe yeye kwa mlango mwingine nisioujua.

Safia bado hapokei. Nimeamua kumwandikia kwenye simu. Naanza hapa nisije nikaharibu:

"Assalamu alaikum wifi yangu. Unaendeleaje na mgongo, na nyumba bila bibi harusi? Sisi wazima. Klabu ile tumeiacha. Si hoteli iliyotukosesha, ni sisi. Tulipita mlango wako. Nisamehe, na kaka yako msamehe, alitaka kitu ambacho mimi na wewe hatujawahi kumuuliza. Mwezi ujao baada ya sare za shule nataka kuja wiki nzima. Niambie kama bado nina mahali pa kulala kwako. Tafadhali wifi usikawie, nijibu hata neno moja."