Picha Kwenye Kompyuta ya Stoo

Jumatano

Leo nimeshinda kwenye ofisi ya shamba la chai, nikirekebisha kompyuta. Tangu asubuhi kompyuta ya meneja, ya Windows, ilikataa kuingia kwenye ile ya stoo, ya Linux. Inaitisha pasiwadi, halafu inaikataa. Kumbe Samba, ile programu ya kushare mafaili, inataka pasiwadi yake yenyewe. Nikaiweka, folda zikafunguka.

Nikafungua picha moja kuhakikisha. Ni mashine ya kuchuna chai, imesimama pale pale Mama huchuna kila siku.

“Hizo zinaanza mwezi ujao,” meneja akasema bila kuniangalia. “Usiongee huko nje.”

Nimefika nyumbani, Mama akaniomba nimnunulie eproni mpya ya kuchunia.

“Tafuta ile ngumu,” amesema. “Ikae miaka.”

Nimeitikia.