Uzi Mwekundu Kwenye Shingo ya Pikipiki

Baba Timo,

Nimetoka kanisani sasa hivi, hata kitambaa sijavua. Mchungaji amehubiri juu ya imani, na mimi nimekaa benchi la nyuma nikiwaza breki. Mungu anisamehe.

Mwanao amenunua pikipiki. Tulia huko uliko, usinilaumu kabla sijamaliza. Mimi ndiye niliyemwambia anunue.

Tangu ulale nimekuwa mtu wa kushuku. Maziwa nayanusa mara mbili. Muuza nyama akinifungia haraka namwambia fungua tena nione. Hapa Kangemi wananiita Mama Polisi, wanadhani sisikii. Lakini wewe unajua ilianzia wapi. Ilianzia kwa ile pikipiki yako nyeupe, yenye kava ya plastiki kutoka shingoni hadi tumboni, na yule mtu aliyekuuzia huku anatabasamu kama bwana arusi. Nilikwambia simpendi. Ukacheka: "Mama Timo, wewe hata Yohana Mbatizaji ungemwomba kitambulisho."

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Baada ya mazishi, Wanjala, fundi wako, aliyavuta yale mabaki hadi gereji yake, akaitoa ile kava, akaniita. Akanionyesha chini ya shingo ya fremu, pale penye vinundu viwili vya chuma vinavyozuia usukani usipinde kupita kiasi. Kimoja kilikuwa kimechomelewa, kikapigwa tupa, kikapakwa rangi. Na ufa ulikuwa umeanzia hapo hapo. Pikipiki ile ilishaanguka vibaya kabla haijafika kwako. Ndiyo maana yule mama wa sukumawiki alisema aliuona usukani ukitetemeka kama mtu mwenye homa, pale kwenye kona, kabla hujaanguka. Haukuwa mwendo wa kasi, Baba Timo, hata wasemeje. Ni kitu kilichofichwa. Usingeweza kukiona.

Sasa Timo amekuwa mtu mzima, ni fundi wa lifti huko mjini. Kila alipotaja pikipiki nilikuwa naanza kuosha vyombo kwa kelele. Akaniambia ni ya kazi, watu wakikwama kwenye lifti inabidi afike upesi. Nikamwambia watu waliokwama hawaendi popote, watamngoja.

Halafu Jumamosi moja akaniwekea gazeti mezani. Pikipiki kubwa, silinda nne, inauzwa Parklands. Nikasema hapana kabla sijavaa miwani. Akaniambia, "Mathe, angalia kwanza. Hii haina kava." Kweli, picha ilionyesha injini imekaa wazi, mabomba nje, fremu nje, kama ng'ombe aliyechunwa. Akasema ziko zenye kava nzuri na mbio zaidi, lakini amechagua ya aina hii kwa sababu yangu, kila nati inaonekana. Kisha akasema neno ambalo halijanitoka: "Usipokubali, siinunui. Lakini ukikataa, niambie umeona nini. Usiniambie umeota nini."

Si ni wewe mtupu huyo?

Basi akapiga simu kwenye kibanda cha nje ya posta, na kesho yake baada ya ibada tukaenda. Mwenye pikipiki anaitwa Dilip, Mhindi wa makamo, anakaa na mama yake nyumba ya mawe karibu na hekalu lao. Hakutabasamu hata kidogo. Nikajisemea, huyu naye anaficha nini? Nikaishika injini. Wewe ulinifundisha kwamba muuzaji mjanja huipasha moto kabla hujafika, ili usisikie inavyokohoa asubuhi. Ilikuwa baridi kabisa. Basi nikaushuku hata ubaridi wenyewe.

Timo akavuta kamba kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, upande huu na upande ule. Magurudumu yamenyooka, fremu haijapinda. Akaiwasha, ikaitika mara moja, sauti nzito, safi. Nikaona macho yake. Baba Timo, ulikuwa na macho yale yale mbele ya ile nyeupe.

Nikapiga magoti, nguo yangu ya kanisa na yote, nikapitisha kidole chini ya shingo. Sikugusa chuma. Niligusa uzi. Uzi mwekundu, mnene, umeshiba mafuta, umezungushwa safu juu ya safu, pale pale penye vile vinundu.

Nilikuwa na hofu mbili kwa pamoja. Ya kwanza ikasema huu ni uganga, hapa alikufa mtu na wameifunga damu yake. Ya pili ikasema uganga gani, huu unafunika mahali palipochomelewa. Zote mbili zikaniambia simama uende nyumbani. Nikamwambia Dilip atoe ule uzi.

"Hapana, mama," akasema. "Hiyo si ya kutoa. Hiyo ya mama yangu."

Nikamtazama Timo. Alikuwa ameshaanza kuikunja kamba yake. "Twende, Mathe," akasema, bila hasira. Hiyo ndiyo iliyoniuma. Angenigombeza ningekuwa na nguvu.

Ndipo mama mwenyewe akatoka. Mzee, sari nyeupe isiyo na ua hata moja, wajane wao huvaa hivyo. Akaniambia kwa Kiswahili chao, "Mimi iko funga hii. Kila mwaka moja. Mtoto yangu enda, mtoto yangu rudi."

Nikamjibu: "Wangu alienda, mama, hakurudi. Kilichomuua kilikuwa kimefichwa hapa hapa."

"Bwana?" akauliza.

"Bwana."

Akageuka, akaingia ndani. Nikadhani amekwenda kumwita askari wa getini atutoe. Kumbe alirudi na mkasi wa kukatia vitambaa. Dilip akapaza sauti kwa lugha yao, yeye akamjibu neno moja tu, na yule mtu mzima akasogea pembeni kama mtoto wa shule. Akainama kwa shida, nikamshika kiwiko, akaanza kukata. Safu moja, nyingine, nyingine. Kila aliyoikata aliiweka kwenye kiganja cha kushoto, hakuna iliyoanguka chini.

Chini yake palikuwa na rangi ya kiwandani, imetulia, inang'aa kuliko kwingine kote. Vinundu viwili vizima, kama vilivyozaliwa. Nikapitisha ukucha nikitafuta alama ya kuchomelea. Hakuna. Na hata hapo, usicheke, nikatemea mate pembe ya leso nikasugua nione kama rangi itatoka. Haikutoka. Sikuwa na pa kushuku tena, Baba Timo. Nikamwambia Timo, "Nimekubali."

Mama Dilip akaniomba amfungie Timo uzi mpya. Nikakataa. Nilimwambia sisi tuna njia yetu ya kuomba. Akaitikia kwa kichwa polepole. "Haya. Wewe omba. Mimi simama." Nikaweka mkono juu ya tangi nikaomba kwa Kiluhya, maana Kiswahili kilinikimbia. Nilipofumbua macho nikamkuta naye ameshika taa ya mbele, midomo inacheza. Sikumuuliza anamwomba nani.

Kisha ikaja vita ya gereji. Timo alitaka aanze na ekzosi ya kelele na kabureta kubwa. Nikasema hakuna nguvu inayoongezwa kabla ya breki. Wanjala akacheka, "Mama Timo, si umfunge tu kamba kiunoni?" Nikamwambia kamba hapana, breki. Basi imewekwa mipira ya breki iliyosukwa kwa waya wa chuma, tairi mpya mbele na nyuma, springi nzito kwenye miguu ya mbele. Timo ananung'unika kwamba kinachoonekana kipya ni tairi peke yake. Kabureta zitangoja hadi Krismasi.

Jana nilipanda nyuma yake. Ndiyo, mimi. Tulitoka mjini, tukapita Westlands, tukashika Waiyaki Way. Nilikuwa nimeapa kutosema neno, nikang'ata kitambaa changu. Tulipokaribia ile kona yako sikumgusa bega, sikumwita. Alipunguza mwenyewe. Usukani ulikuwa mtulivu kama meza, na tukapita.

Lala sasa, mume wangu. Bwana akutunze mpaka atuite sote. Mimi nakuahidi hili: nitaendelea kuangalia chini ya shingo ya kila kitu kabla sijakubali. Lakini nikishakubali, nitamfungulia mwanao geti kwa mikono yangu, na sitasimama pale kumchungulia mpaka apotee.

Nitajaribu.

Wako,
Mama Timo