Kishungi cha Shangazi

Misigiri, Iramba,
14 Juni 2025.

Mpendwa wifi yangu Peniel,

Habari za huko Poland, na kifua je, kimepona? Huku tu wazima, ila miguu ya Mama imevimba tena, na mimi nina uchovu wangu ule wa mwenye mtoto. Shikamoo yako niliifikisha. Mama amesema marahaba, na uvae soksi.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu ukipiga simu Mama anaweka sauti kubwa, nyumba nzima inachangia. Haya ni yetu wawili.

Alizeti tumeshavuna, tunapiga hapo uani, vumbi mpaka kwenye uji. Nakukumbuka ulivyokuwa ukikalia gunia na kitabu chako cha baiolojia, ukidai unalilinda lisikimbie.

Sasa lile jambo. Ulituambia chuo chenu cha udaktari cha Ukraine, kilichokuwa kinawafundisha kwa simu tangu mkimbie vita, kinataka mrudi kwa mafunzo ya wodini. Na hicho cha Poland kinakupokea, ila kinakurudisha nyuma miaka miwili. Mama akasema palepale, "Arudi amalize! Vita viko mpakani, yeye atakuwa wodini." Ukageuza maneno, ukauliza habari za alizeti. Kaka yako Shukuru akatoka uani. Mimi nilikuwa namwogesha mtoto, sikupata nafasi ya kusema.

Wifi, usirudi huko. Mama hajawahi kusikia king'ora. Wewe ulikisikia, ukalala stesheni ya chini ya ardhi umelalia mkoba. Yeye anakutamani tu nyumbani, basi, ndiyo maana anaona njia fupi ndiyo njia. Nitamweleza mimi. Miguu yake naikanda kila jioni.

Usidhani nasema hivi kwa kuwa nimezoea usipokuwepo. Sijazoea. Ugali ukiungua hakuna wa kunicheka. Kuna siku nimefika kisimani na ndoo mbili, yangu na yako, nikasimama pale kama mjinga.

Halafu kuna Rebeka. Unajua kwenu nywele za kwanza za mtoto hunyolewa na shangazi, na shangazi wa Rebeka ni mmoja. Alizaliwa wakati ule ule mnakimbia, tukasema tungoje. Tumengoja mpaka Mjomba Damiani anamwita Rasta wa Misigiri, na mwenyewe anaitika! Lakini Julai anaanza chekechea, na mwalimu amesema rasta hapokei.

Jana nikachukua wembe. Mama akajifunika kanga usoni: "Umemkatia mwanangu njia ya kurudi." Nilinyoa kichwa chote, nikafika utosini, mkono ukakataa. Pale nimeacha kishungi, kimesimama kama majani ya kitunguu. Mama alipofunua kanga akakiona, akacheka, kisha akalia.

Hicho ni chako. Kaa hiyo miaka miwili, usome, ulale usingizi. Mwalimu akiuliza kuhusu kishungi, nitamjibu mimi. Na wembe nimeuweka kwenye sanduku lako, hakuna atakayeugusa.

Shukuru anakusalimu sana, na Mjomba Damiani, na Rebeka anayembusu kila mtu kwenye picha yako, hata dereva wa basi. Mungu akufunike kila unapolala.

Akupendaye, aliyechoka kwa mengine yote ila si kwa kukungoja,

Wifi yako Anastasia,
Mama Rebeka.