Mama Mkwe Anataka Kushika Usukani wa Boti

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na uwe wa haraka, maana nimebanwa katikati ya wanawake wawili ninaowapenda, mmoja ni mke wangu na mwingine ni mama aliyemzaa, na kila mmoja anaamini niko upande wake, na wa kulaumiwa si wao, ni huu mdomo wangu.

Mimi ni kinyozi. Kibanda changu kimeegemea ukuta wa nyumba ya mama mkwe, ndiyo maana mambo haya yalinikuta mimi na si wakwe wengine. Baba mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa na boti ya injini aliyovushia watu na mizigo ziwani, alipoanza kuugua ikavutwa hadi uani ikawekwa juu ya magogo, akafariki, na tangu hapo hakuna aliyeigusa. Mvua ikanyeshea ndani, jua likaikausha, mbao zikaachana, kuku wakaifanya chumba cha kutagia, na injini iliyofungwa katikati chini ya sanduku lake la mbao ikaliwa na kutu mpaka ikawa nyekundu kama tofali.

Basi asubuhi moja namnyoa mteja, nimefika nusu ya kichwa, nikasikia ukuta unagongwa.

"Mwanangu, una kazi?"

"Nina mteja, mama."

"Ukimaliza njoo. Na uje na shati usilolipenda."

Nilimkuta amevaa suruali ya marehemu, amejifunga kitambaa kichwani, kuku wote kawafukuza, spana mkononi kaishika kama mwiko. Akasema, "Nataka kitu hiki kirudi majini." Nikamuuliza nani ataiendesha. Akasema, "We shika huku."

Mshauri, mimi nimelelewa kumwamkia mama mkwe, kumuuliza hali na kuondoka. Sikulelewa kulala chali chini ya boti tukipokezana spana. Lakini ndivyo ilivyokuwa, asubuhi kabla sijafungua kibanda na mchana wateja wakipungua, na siku nyingine wateja walipungua kwa sababu mikono yangu ilinuka petroli, mpaka mmoja alikwenda kazini na alama ya grisi shingoni, akarudi kunionyesha.

Kilichotutesa zaidi ni pistoni. Zilikuwa zimegandia ndani ya silinda kama zimechomelewa. Tulitoa plagi, tukamimina mafuta ya taa tuliyochanganya na oili kwenye matundu yake, tukangoja, nikajaribu kuzungusha lile gurudumu zito la injini, wapi. Tukamimina tena. Uvumilivu ukaniisha, nikachukua nyundo, mama akanidaka mkono. "Hapo unagombana na nani? Hiyo inabembelezwa." Akafungua kifuniko cha silinda, akaweka kipande cha mti juu ya pistoni, akawa anagonga taratibu, anamimina, anafuta, anaisemesha kama mgonjwa anayekataa uji. Siku moja nimeshika gurudumu huku namsimulia habari za mteja anayetaka anyolewe kwa mbele tu, mara likasogea, kiasi cha ukucha hivi.

"Ni wewe?" akaniuliza.

"Ni lenyewe, mama."

Alipiga vigelegele mpaka muuza duka wa mbele akaja kuuliza nani anaolewa.

Kuanzia hapo kazi ikanoga. Pistoni zikatoka, ringi zake zilikuwa zimevunjika, nikazunguka maduka ya vipuri kutafuta mpya na kila muuzaji akiniuliza ni za gari gani. Kabureta tuliizibua kwa waya mwembamba. Mbao alizishughulikia mwenyewe, akishindilia pamba iliyoloweshwa mafuta katika kila mwanya, kalafati safi kabisa, mkono wake hausiti. Nikamuuliza amejifunza wapi. Akasema, "Kazi hii ilikuwa yangu kila mwaka. Kutia kalafati mimi, kupaka rangi mimi, kutoa maji mimi. Kuendesha tu ndiko sikuwahi. Nikimwomba baba yenu usukani ananiambia kesho. Alikuwa mtu mwema, simsemi vibaya, lakini ameondoka na kesho yake." Halafu akaniambia anataka kumtembelea dada yake ng'ambo ya ziwa, na anataka afike kwa boti hii, usukani akiwa ameshika yeye.

Sasa njoo kwa mke wangu. Ni muuguzi, mpole, lakini ukitaja boti anabadilika sura. Yeye baba yake alimfundisha kuogelea tangu mdogo, mama yake hakuwahi kufundishwa. "Mama hajui kuogelea," ananiambia. "Anajua kupika, anajua kunisuta, kuogelea hajui. Na wewe unaninukia petroli kitandani. Hivi umenioa mimi au umeoa boti?" Mimi kwa kutaka amani nikamwambia, "Mke wangu, tulia, ile injini imekufa kabisa, namfurahisha mama tu." Akatulia. Mama naye akaniuliza, "Mwenzio anasemaje?" Nikamwambia, "Amefurahi sana, mama." Naye akatulia. Nikajiona nina akili.

Juzi injini imewaka. Tulitumbukiza bomba lake la maji kwenye pipa ili isichemke, nikaviringisha kamba kwenye gurudumu, nikavuta, ikakohoa. Nikavuta tena, ikatoa moshi mweusi. Mama akasema, "Sogea," akavuta mwenyewe, na kitu kikanguruma, sufuria zikacheza jikoni, mteja wangu akatoka mbio na kitambaa shingoni akidhani ukuta unaanguka. Mama alikaa kwenye ukingo wa boti, mikono mashavuni, analia na kucheka kwa pamoja. Kisha akasema, "Jumamosi tunaishusha. Mwambie mwanangu aje anipungie mkono."

Jioni mke wangu karudi kutoka kazini. "Majirani wanasema kulikuwa na ngurumo huko uani kwa mama."

Mshauri, nilijibu, "Ni mashine yangu ya kunyolea."

"Ngurumo ile?"

"Ni mpya."

Jumamosi haiko mbali. Nimewaza nitoe plagi moja niifiche, injini isiwake, mambo yaishe yenyewe, lakini kila nikiingia uani namkuta mama anapaka rangi huku anaimba, na mkono unakuwa mzito. Nikimwambia mke wangu ukweli nyumba itawaka, nikimzuia mama nitamvunja moyo. Nifanye nini?

Kinyozi Niliyebanwa

*

Kinyozi,

Nilianza kusoma nikicheka, nikamaliza nikiwa nimekasirika. Mashine ya kunyolea! Mkeo anaposikiliza kifua cha mgonjwa anajua kama pafu lina maji, wewe unafikiri hawezi kutofautisha injini ya boti na kitu cha kukatia ndevu? Mimi naamini alishajua siku ileile, na anasubiri uiseme kwa mdomo wako.

Nikupe haki yako kwanza. Mama aliyefiwa alikugongea ukuta nawe ukaenda, ukavaa shati bovu, ukachafuka bila kununa. Wakwe wa namna yako ni wachache na asikudharau mtu. Lakini wema wako umeuchafua mwenyewe. Ulikuwa unatengeneza injini kwa mkono mmoja na kwa mwingine unafunga midomo ya watu. Mkeo alipokuambia mama yake hajui kuogelea, alikuwa anakuambia nini? Hana ugomvi na boti, kijana. Amezika baba, mzazi aliyebaki ni huyo mmoja, na anaogopa. Mtu akikuletea hofu yake unakaa chini umsikilize. Wewe ukamjibu injini imekufa, akabaki na hofu yake peke yake. Na mama wa watu anafikiri binti yake anashangilia, kumbe binti hapati usingizi.

Na hiyo plagi usiiguse. Ukiificha nitakuja mwenyewe kuitafuta mfukoni mwako.

Sasa sikiliza. Leo, kabla hamjala, mwambie mkeo kila kitu, na hiyo mashine uitaje kwa jina lake. Atakasirika. Mwache akasirike, usijitetee, usiseme "lakini". Akimaliza, mchukue mwende wote wawili uani, na mama aiwashe injini mbele yake. Kisha mkeo aseme hofu yake kwa mama mwenyewe, wewe usiwe mkalimani wa mtu tena katika nyumba hiyo.

Jumamosi boti ishushwe, ila safari ya kwa dada mtu bado. Mbao zilizokaa juani muda wote huo lazima zilowe na kuvimba kwanza, na zitavuja, hata kama kalafati imetiwa na malaika. Ifungeni ufukweni, mchote maji kila siku mpaka iache kuvuja. Na siku hizo ndizo za somo: mkeo anajua kuogelea, mama hajui, maji yapo. Amfundishe. Akishaweza kuelea na kujifikisha ufukweni bila kushikwa, ajifunze kuendesha karibu na nchi kavu, akikata kona, akisimamisha, akirudi. Majaketi ya kuokolea maisha kwa kila mtu, nayo yavaliwe, yasikaliwe kama mito. Makasia yawemo. Upepo ukiwa mkali mnabaki nyumbani na hakuna kubishana.

Siku ikifika, mama akae kwenye usukani, mkeo akae karibu naye. Wewe pewa kopo la kutolea maji, ukae nyuma, na mdomo wako upumzike. Mama ameshaambiwa kesho vya kutosha. Usiwe wewe wa kumwambia tena.

Mshauri

*

Baada ya jibu hilo kuchapishwa, tulipata barua nyingine kutoka nyumba hiyohiyo. Tunaitoa kama ilivyo.

Mshauri, mimi ndiye huyo mama mkwe. Kinyozi alituletea gazeti akalisoma mwenyewe, sauti inatetemeka kama mwanafunzi mbele ya darasa, mke wake amekaa kando yangu. Alipofika kwenye mashine ya kunyolea, binti yangu akasema, "Nilijua. Nilikuwa nangoja nione ataongeza nini." Nikacheka. Kisha akanigeukia na macho yamejaa machozi, akasema, "Mama, nikikupoteza na wewe, nitamwita nani mama?"

Gazeti liliposema kwamba haifurahii boti, nilidhani ni kwa sababu haniamini, kama baba yake. Nilimkumbatia na mikono yangu iliyojaa rangi, gauni lake la kazini likaharibika, naye akazidi kunibana.

Basi tulifanya ulivyosema. Boti ilivuja kama kikapu na mkwe wangu alichota maji mpaka viganja vikachubuka, safari hii bila maneno. Mimi nilifundishwa kuogelea. Binti yangu alinishika mgongo, akaniambia nitulie, nitazame juu, nisipigane na maji. Nilimeza ziwa nusu. Nilimfokea, akanifokea, watu ufukweni wakawa wanakuja kutazama. Asubuhi moja nikasikia ananisifia kwa sauti ya mbali, kugeuka namwona amesimama kule alikokuwa, mikono yote miwili iko hewani, na mimi naelea peke yangu.

Siku ya safari maji yalikuwa yametulia. Nilishika usukani. Tulipofika katikati injini ikakohoa, ikazima. Kinyozi akarukia makasia, binti yangu akanitazama. Hofu ilimjaa usoni lakini hakusema, "Nilikuambia." Akauliza tu, "Mama, ni nini?"

Nikafunua sanduku. Nikagusa mpira wa kupitishia mafuta, mwepesi, hauna petroli ndani. Takataka za tangi la zamani zilikuwa zimeziba mdomo wake. Nikauchomoa, nikaupuliza kwa mdomo, petroli ikanirukia, nikatema, nikauchomeka, nikavuta kamba. Ikawaka. Binti yangu alipiga makofi mpaka jaketi likampanda shingoni, na kuanzia hapo akawa ananihimiza niongeze mwendo, mimi ndiye niliyekataa.

Dada yangu alikuwa amesimama gatini, mkono juu ya macho, anatutazama tunavyokaribia. Akapaza sauti, "Nani kawaleta?" Kinyozi akafungua mdomo kujibu, mke wake akamfinya.

Nikazima injini, nikamrushia dada yangu kamba, nikamwambia, "Nimeleta abiria wawili. Wapokee."