Naanzia Pembeni, Nafia Pembeni

Kivinje, Jumanne. Manyunyu tangu alfajiri, na mimi hoi.

Wiki ya tatu hii Somoe, mke wangu, yuko kwa kaka yake. Kosa ni langu, ila usimwambie mtu. Kwenye harusi moja nilitania mbele ya wageni kwamba akikoroma, kuku wanahama banda. Watu walicheka mpaka machozi. Yeye asubuhi yake akafunga nguo, akaondoka.

Siendi kumwomba arudi. Naenda kucheza sataranji na shemeji Selemani, aliyekuwa karani wa boma Lindi. Ndivyo ninavyosema mlangoni kila siku. Shemeji anacheka tu.

Zamani nilikuwa nakimbiza askari wangu katikati ya ubao kama wageni waliosikia pilau imepakuliwa. Nikipigwa, napigwa kweli. Basi shemeji ananifundisha kuanza kwa pembeni. Sogeza askari wa tatu kutoka kushoto. Toa farasi. Katikati mwachie mwenzio ajinafasi. Usijifunge mapema; ukitaka utageukia huku, ukitaka kule.

Nimeupenda mno mwanzo huu. Haukulazimishi kusema unataka nini.

Leo nimezunguka pembeni weee, mpaka askari wake wamejaa kati na mfalme wangu hana pa kuhemea.

"Shemeji, huko pembeni unajenga nyumba?"

"Si wewe uliyesema nisikimbilie kati?"

"Nilisema usikimbilie, sikusema usiingie. Unamwachia kati ili uje umvunje. Usipokuja, unakufa umekaa."

Hapo Somoe akapita na kahawa. Kikombe kimoja, cha kaka yake.

"Kaka, mwambie mgeni wako asogeze miguu."

Mgeni! Miaka thelathini chumba kimoja!

Nikasogeza miguu.

Akasimama kidogo, anafuta sinia ambalo lilikuwa kavu. Shemeji akainamia ubao kama aliyepoteza sindano. Mdomo huu uliomtania hata akida mbele ya watu wake, haukutoa kitu. Somoe akaingia ndani.

"Umekwisha," shemeji akasema. Sikumuuliza anasema mchezo gani.

Njiani kurudi nimelijaribu lile neno, nisamehe, mbele ya mbuzi wa jirani aliyejikinga mvua. Limetoka vizuri tu, wala halina mfupa.

Sasa kwake linakwama wapi?