Swali Aliloulizwa Mama Kule Majimbo

Majimbo, Embu
14 Oktoba 2001

Kwa kaka yangu Mwirigi,

Muga, kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, mama watoto na wale wanangu wote, na kwamba mvua imewakumbuka huko Muthara kama ilivyotukumbuka sisi hapa, ingawa hapa imetukumbuka zaidi upande wa paa. Mimi sijambo. Redio za watu wa Embu zinaendelea kuharibika, Mungu ashukuriwe, kwa hivyo ninakula. Mama naye ni mzima. Anakusalimu, na anasema umwambie mke wako asivune nthoroko, zile kunde zetu, kabla hazijakauka vizuri kama alivyofanya mwaka jana.

Umeniuliza sasa mara ya tatu Mama atarudi lini. Nimeelewa haraka yako. Jengo jipya la kanisa litafunguliwa Disemba, na kamati imekubaliana kwamba yeye, mjane wa mzee wa kanisa wa kwanza na mama yako wewe mwenyekiti wa sasa, ndiye atakayekata utepe. Umesema hata kitambaa cha nguo yake kimeshanunuliwa. Nitakujibu, lakini kwa kuzunguka, kama mtu anayeingia boma lenye mbwa. Jambo lenyewe haliingii kwenye simu ya kibanda, watu wamepanga foleni nyuma yako wakikuhesabia sarafu.

Lazima nianze na kanisa letu, lile uliloliona Pasaka ukaliita klabu. Sikukasirika. Tunakutana katika shule ya chekechea, tunakalia viti vya watoto hadi magoti yanakaribia kidevu, na mhubiri wetu Karwirwa ni mwanamke anayeuza dawa za mifugo. Hatumwulizi mtu alioa kwa pete au kwa mbuzi. Mtu akiwa na shaka anaruhusiwa kuja nayo, na hiyo ndiyo sababu tuko wachache, kwa maana watu wengi wenye shaka hupenda kuziacha nyumbani siku ya Jumapili.

Taabu yetu haikuwa kupata wageni. Wageni walikuja. Taabu ni kwamba walikuja mara moja, wakatusifu, wakaondoka, tukabaki tukisifika. Mwalimu Nyamu, ambaye amestaafu kufundisha lakini hajastaafu kueleza, aliunda kamati ya makaribisho. Kamati ikazaa kamati ndogo. Mimi nilikaa katika zote mbili, na ninakwambia hakuna mahali pazuri pa kuwatazama watu kama kwenye kamati, maana kila mmoja anamtazama mwenyekiti.

Utaratibu waliouweka ulikuwa hivi. Mgeni akiingia anasimamishwa, anasema jina na alikotoka, anaimbiwa. Baada ya mahubiri tunaulizana kila mmoja anaonaje, na kwa heshima, mgeni ndiye anayeulizwa kwanza. Kaka, fikiria mtu aliyekuja kuomba Mungu amponye mtoto wake kikohozi. Kabla hajatulia kwenye kile kiti kidogo, Mwalimu Nyamu amemgeukia na kumwuliza yeye binafsi anaonaje kuhusu mateso ya Ayubu. Wengine walisema wanaona vizuri. Mmoja aliomba kuonyeshwa choo, na hatujamwona tangu siku hiyo.

Halafu kuna chai. Mgeni hupewa kikombe cha maua chenye kisahani, na sisi wenyeji tunatumia vya bati. Unajua tulivyolelewa. Hata Mama kule nyumbani anavyo vikombe vyake kabatini ambavyo wewe na mimi tumevinywea siku ya matanga ya Baba tu. Basi kulikuwa na dada mmoja, Lenah, anayeuza mitumba sokoni. Huyu alikuja na akaendelea kuja, kamati ikamwandika kwenye ripoti kama ushindi. Aliketi nasi karibu mwaka mzima, kisha akapotea. Mwalimu Nyamu alisema labda mafundisho yetu ni mazito. Anapenda kusema hivyo.

Mimi nilikwenda sokoni kutafuta suruali nikampata ameketi juu ya rundo lake. Nilimwuliza kama tumemkosea. Alicheka kwanza, akaniambia nichague suruali niache maneno. Nilipomsumbua, alisema mwaka mzima anakuja na mwaka mzima anapewa kikombe cha maua. Siku moja alisimama kuosha vyombo, akina mama wakamrudisha kitini wakimwambia mgeni haoshi. Alisema kwao kikombe kile hupewa mtu ambaye jioni atakwenda zake, sasa na yeye ameenda zake, tunalia nini? Akaniuzia suruali, na hakunipunguzia hata kidogo.

Nilipeleka maneno hayo kwa kamati. Walijadili kama tununue vikombe vya maua kwa wote au tuuze vile vilivyopo, mpaka giza likaingia. Mimi nilirudi kwa Lenah nikamwambia kwamba Jumapili ijayo akina mama wa chai wanakwenda harusini Runyenjes na hakuna mtu wa kuwasha jiko. Hilo lilikuwa kweli, ingawa sikusema kwamba mimi mwenyewe najua kuwasha jiko. Alikuja amevaa leso kiunoni, akatutukana kwa jinsi tulivyokuwa tumepanga sufuria, na tangu siku hiyo ufunguo wa kabati anao yeye. Vikombe vya maua sijui alivipeleka wapi. Hakuna aliyethubutu kumwuliza.

Sasa nakuja kwa Mama.

Alipofika Juni kwa ajili ya macho, nilitaka kumpeleka kwenye tawi la kanisa lenu hapa mjini. Lakini ni mbali, na jicho moja lilikuwa limefungwa bandeji, basi Jumapili ya kwanza nikaenda naye chekechea. Alikataa kiti cha mtoto, akaletewa cha mwalimu. Karwirwa alihubiri. Kisha Mwalimu Nyamu, ambaye hakuna kamati inayoweza kumzuia, alimgeukia na kumwuliza Mama anaonaje.

Niliona aibu. Nilitaka kumwombea radhi, nikaanza kusema kwamba mama yangu ni mgonjwa. Mama aliniwekea mkono gotini. Akamwambia Mwalimu kwa Kimeru kwamba tangu aolewe hajaulizwa swali hilo ndani ya kanisa, kwa hivyo apewe muda wa kufikiri. Watu walicheka vizuri. Yeye hakucheka.

Jumapili iliyofuata aliniamsha mapema nimpeleke. Na iliyofuata. Akawa anakaa karibu na jiko na Lenah, wakimenya viazi na kuwasema watu. Hapa nikiri jambo moja dogo kabla ya lile kubwa: macho yake yamepona tangu Agosti. Daktari alimruhusu aende nyumbani. Yale niliyokuandikia kuhusu dawa za matone ni Mama aliyeniambia niandike, nami nikaandika, maana ni mama yangu na chakula anakipika yeye.

Jumapili ya mwisho ya Septemba Karwirwa alihubiri kuhusu wale waliowaleta watoto kwa Yesu wakazuiwa. Alipomaliza aliuliza kama kuna mtu aliyewahi kuzuiwa mlangoni. Mwalimu Nyamu alikuwa anasafisha koo. Mama akasema kwamba sasa amemaliza kufikiri.

Kaka, keti chini kama umesimama.

Alisema kati yako na mimi kulikuwa na mtoto mwingine. Mvulana. Alikuwa ameanza kuketi mwenyewe na kucheka na kuku. Mchungaji siku zile alikuwa anafika Muthara kwa baiskeli mara chache kwa mwaka, kwa hivyo mtoto alikuwa anangojea ubatizo. Surua ikafika kabla ya mchungaji. Ilikuwa ile Disemba ya bendera ya uhuru, tarafa nzima imekwenda kucheza ngoma. Wewe ulikuwa umepelekwa kwa nyanya. Mama alimwomba Baba waimbe hata wimbo mmoja. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na kanuni ilikuwa kwamba asiyebatizwa hafanyiwi ibada ya mazishi. Alisema akimfanyia mwanawe, kesho atawaambia nini akina mama wengine aliowakatalia? Alimzika mwenyewe alfajiri, bila neno, pale pembeni kwenye migomba ambapo mimi na wewe tulichapwa kwa kukata majani ya ng'ombe. Akamwambia Mama jambo hilo lisitajwe. Halikutajwa. Mama anasema Baba hakuwa mtu mbaya, na kwamba usiku alikuwa akimsikia akilia, lakini asubuhi alivaa koti akaenda kanisani.

Hapo Mama akasema jambo linalokuhusu wewe, nami nakuandikia kama alivyolisema. Mwaka jana Makandi wa jirani alipofiwa na kichanga chake, ninyi wazee mkaketi nyumbani kwako kuamua kama mtamfanyia ibada. Mama alikuwa jikoni akiwachemshia chai ya mkutano huo. Alikusikia ukisema kanuni hiyo ni ya zamani kuliko wewe, na huwezi kuibadilisha kwa sababu ya machozi. Anasema ulikuwa na sauti ya Baba kabisa. Aliwaletea chai, mkamshukuru.

Hata Mwalimu Nyamu hakueleza lolote, na hilo litaandikwa katika historia ya Majimbo. Hakuna aliyemwambia Mama kwamba Mungu ana mpango. Lenah ndiye aliyeuliza, kutoka kwenye jiko, mtoto alikuwa anaitwa nani.

Mama alishika ncha ya leso, akaifungua, akaifunga. Halafu akalitaja jina, na Karwirwa akatuomba tusimame, tukaimba wimbo mmoja kwa mtoto huyo, tukiwa tumesimama katikati ya vile viti. Nilikuwa nimeketi na mama yangu meza moja maisha yangu yote, kaka, na ilibidi muuza mitumba ndiye aulize.

Sasa jibu lako. Mama hatakata utepe. Anasema hawezi kufungua mlango ambao alifungiwa mwanawe na akafungiwa wa Makandi, halafu watu wapige makofi. Kitambaa anakushukuru, mpe mkeo. Lakini hajakataa kurudi nyumbani. Atarudi siku yoyote utakayomwita, kama utakwenda naye pale kwenye migomba. Usiende kama mwanawe, maana kama mwanawe anajua utakwenda. Uende kama mzee wa kanisa, umevaa koti, umeshika kitabu, mchana watu wakiona, na Makandi awe amesimama hapo pia kwa ajili ya wake. Usipoweza, hatakulaumu. Anasema anajua kamati ni nini, na mimi naweza kushuhudia. Lakini basi atabaki hapa Majimbo, na ng'ombe wake umpe Makandi.

Amenikataza kukushawishi. Sikushawishi. Nimekueleza tu kanisa letu lilivyo, kwa sababu ulitaka kujua watu wanaona nini kwenye klabu.

Msalimu mama watoto, wasalimu watoto mmoja mmoja, hata yule mkubwa anayejifanya hanijui akiwa na wenzake. Msalimu Makandi ukikutana naye, na ukutane naye. Sina haraka ya majibu. Mama anayo, lakini hataki nikwambie.

Limebaki moja. Mtoto yule, kwa kuwa ni wa pili, alipewa jina la babu yetu mzaa mama. Mimi nilipozaliwa baada yake, babu alikuwa hana tena mjukuu aliye hai mwenye jina lake, basi nikapewa mimi. Nimelitumia miaka hii yote nikidhani ni langu peke yangu. Kwa hivyo ukienda pale kwenye migomba ukalitamka jina hilo kwa sauti, usione ajabu kulitamka juu ya udongo. Lilikuwa lake kwanza. Mimi nitakuwa nimesimama nyuma yako, na sitaitika.

Ni mimi mdogo wako,

Muthamia