Mguu wa Kushoto

4 Machi

Dada,

Shikamoo. Hujambo na wanao? Goti limepoa? Mimi mzima, ila kufua mashuka ya hoteli kumenimaliza vidole.

Siku ya Wahamiaji imefana! Miaka kumi na moja iliyopita tulianza watu saba kucheza ngoma ya mama, ukumbini. Safari hii mji umefunga barabara kuu. Wenyeji wenyewe wamecheza, waoka mikate, madereva wa basi, hata tarishi wa posta. Gazeti limeandika, "ngoma ya mji wetu". Mimi wananiita Mwalimu! Nimekutumia video.

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Goti halijambo, moyo ndio mgonjwa.

Video nimeiona, na majirani wameiona mpaka simu ikaisha chaji. Mnaanza na mguu wa kushoto. Ngoma ya mama inaanza na kulia! Ulijifunza umesimama mbele yangu, unanitazama usoni, ukachukua kila kitu kinyume. Mama alinifundisha mimi. Miaka ishirini nafundisha hapa shuleni, na hakuna aliyenifungia hata kichochoro. Nina wivu, tena sifichi. Rekebisha.

Dada yako

2 Julai

Dada,

Shikamoo. Poleni na kazi. Usininunie, nilikosa pa kuanzia.

Niliwaambia nimewafundisha vibaya, tuanze upya. Mwoka mikate mmoja mzee akanijibu, "Umekosea wewe, sisi hatukukosea. Wajukuu zangu wamezaliwa wameikuta hivi. Hii ni yetu." Ule mguu wa kushoto wameuchora ukutani stesheni, mkubwa kuliko mlango. Niliona aibu, halafu, Mungu anisamehe, nikafurahi. Maisha yangu yote nimekuwa nyuma yako.

Mdogo wako

15 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Tu wazima. Nilinyamaza kwa hasira, usitafute sababu nyingine.

Mwalimu mkuu amewaonyesha wasichana wa darasa langu video yako. Anasema ile ndiyo inayojulikana. Nikawapanga kama kawaida, tuanze na mguu wa kulia. Binti yangu akanivuta nguo, "Mama, unakosea." Wenzake wakacheka. Mwanangu wa kumzaa! Nililaani jina lako pale pale uwanjani, nakuambia ujue.

Nimepewa mpaka mwisho wa muhula nibadilike, la sivyo darasa atapewa mwingine. Jana nilijifungia chumbani na simu, nikafuatisha hatua moja moja. Mpaka kwenye mzunguko nafika. Hapo kuna kichwa cha mtu kimeziba, sioni.

Niambie, baada ya kuzunguka, mkono upi unatangulia?

Dada yako